Bosi Hapendi Kushtukizwa: Majibu kwa Wasomaji

Barua zilizotufikia safari hii karibu zote zinamhusu mtu mmoja, bosi: aliye kimya mno, anayegeuza maneno, aliye mdogo kiumri, anayetaka saini asiyostahili kuipata. Tumechagua nane. Majina tumeyaacha, tumebakiza kazi na mji. Sheria tunazozitaja ni za Tanzania Bara, isipokuwa pale tuliposema vinginevyo.

Nimeajiriwa kama mhasibu msaidizi katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Hii ni wiki ya tatu. Bosi wangu ni mama mkimya sana, haniambii kama nafanya vizuri au vibaya. Naogopa kumsumbua kwa maswali, lakini naogopa zaidi kukaa kimya. Nianzie wapi?
*Mhasibu msaidizi, Mwanza*

Mwombe nusu saa, na mwambie mapema ni ya nini. Ukisema tu "Mama, nina maswali", atadhani unataka ruhusa au mkopo. Sema: "Mama, naomba nusu saa Alhamisi au Ijumaa. Nataka kujua unapenda kazi zikufikieje, ili nisikusumbue kila mara." Bosi mkimya hukubali ombi la namna hii upesi, maana linamwahidi utulivu.

Ndani ya nusu saa hiyo uliza mambo manne tu.

La kwanza ni tarehe zinazombana yeye. Kwenye uhasibu hili ni rahisi kwa sababu nyingine zimekwisha kupangwa na serikali: kodi ya mishahara na tozo ya kuendeleza ufundi stadi hulipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na ritani ya VAT mwisho wake ni tarehe 20. Orodha ya mishahara ikimfikia tarehe 6 jioni, hata iwe safi namna gani, umemkabidhi usiku wa kukesha. Muulize: "Ili tarehe 7 isitubane, orodha ikufikie tarehe ngapi?" Akisema tarehe 3, wewe jiwekee tarehe 2. Muulize pia mkurugenzi anamdai taarifa gani na siku gani. Ukijua anayoulizwa yeye, utajua kwa nini Jumatatu asubuhi huwa hataki kuongea na mtu.

La pili ni mipaka. Kwenye fedha za matumizi madogo, unaweza kutoa hadi shilingi ngapi bila kumuuliza? Dereva akipiga simu kutoka Shinyanga anataka pesa ya tairi saa mbili usiku, unamjibu wewe au anamjibu yeye? Taja mifano halisi kama hiyo. Ukiuliza kwa ujumla, "mamlaka yangu ni yapi?", utajibiwa kwa ujumla.

La tatu ni njia. Kuna bosi anayesoma barua pepe, kuna asiyefungua chochote mpaka kimechapwa na kuwekwa mezani. Usibahatishe.

La nne, waliokutangulia kwenye nafasi hiyo walikuwa wanakosea wapi? Hapo mkaribishe aseme, kisha nyamaza. Bosi ambaye hawezi kukuambia anachopenda anaweza kukuambia kwa urahisi kabisa kilichomuudhi, na jibu hilo peke yake lina thamani kuliko mengine matatu.

Baada ya hapo, kila Ijumaa kabla ya saa tisa mtumie ujumbe mfupi wenye sehemu tatu: kilichokwisha, kilichokwama na kinachokwamisha, na unachosubiri kutoka kwake. Mfano:

"Mama, za leo. Ankara za wiki hii zimeingizwa zote, 46. Kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kumekwama kwa hundi moja ya tarehe 11, nimewaandikia benki. Naomba saini yako kwenye malipo ya mafuta kabla ya Jumanne."

Usimuulize "naendeleaje?" Utajibiwa "vizuri tu", na hilo si jibu. Chukua kazi moja uliyoimaliza, umuulize: "Orodha hii ya wadaiwa, kuna safu ungependa niongeze au niondoe?" Mtu mkimya hukosoa karatasi kwa urahisi kuliko anavyomkosoa mtu.

Kuna sababu nyingine ya kufanya haya sasa. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali iliyo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Miezi hiyo ndiyo bosi anayokupima, na bosi asiyesema hukupima vilevile.

Nasimamia mafundi kwenye kampuni ya ujenzi. Bosi hutuma maagizo kwa sauti ya WhatsApp saa nne usiku, asubuhi anayageuza kwa simu, na mambo yakiharibika anasema hakusema hivyo. Nifanyeje bila kuonekana namtega?
*Msimamizi wa saiti, Dar es Salaam*

Kwanza mfikirie aliko anapotuma ile sauti. Yuko kwenye foleni ya Mwenge au ametoka kuongea na mwenye nyumba, anasema kinachomjia. Asubuhi mwenye nyumba kabadili mawazo, naye anakupigia. Mara nyingi wala hasemi uongo, kwani kati ya maagizo matatu aliyotoa kwa nyakati tatu, hakumbuki lipi lilikuwa la mwisho. Sauti ya dakika nne nayo haitafutiki. Hakuna atakayeisikiliza tena kutafuta neno moja.

Kwa hiyo kila agizo la sauti lijibu kwa maandishi, usiku huohuo au alfajiri, kwa mtindo usiobadilika:

"Bosi, nimeelewa hivi: 1. Kesho tunamwaga zege la nguzo za nyuma, si la slabu. 2. Saruji mifuko 60, Tegeta. 3. Mafundi bomba wasubiri hadi Jumatano. Tunaanza saa moja asubuhi. Kama nimekosea mahali, naomba unirekebishe kabla ya hapo."

Neno "nimeelewa hivi" linabeba heshima yote inayohitajika hapo. Kosa likiwepo, linaonekana ni la uelewa wako, na bosi hana sababu ya kujihami. Ile sentensi ya mwisho haimlazimishi kujibu, inampa saa ya mwisho ya kubadili mawazo.

Lakini ukimya wake usiuhesabu kuwa ruhusa kwenye kila kitu. Gawa maagizo mafungu mawili. Yanayorudishika, kama kuhamisha mafundi au kupanga kokoto upande mwingine, endelea nayo saa ikifika. Yasiyorudishika, yaani kumwaga zege, kuvunja ukuta, kukata nondo na kulipa fedha, usiyaguse mpaka umepata "ndiyo" yake, ya maandishi au ya simu mbele ya fundi mkuu. Zege likishaanza kushika halina mjadala, ni kuvunja tu na kununua saruji upya.

Akigeuza agizo katikati ya kazi, usimwambie "lakini jana ulisema". Mpe bei ya mabadiliko: "Sawa bosi. Tukihamisha mlango sasa, tunapoteza matofali kama 80 na siku moja ya mafundi wawili. Tuendelee?" Robo ya mabadiliko yatakufa hapohapo. Yale yatakayoendelea, yaandike kwenye kitabu cha maagizo cha saiti, chenye karatasi ya kaboni, na umwombe asaini akipita. Kitabu hicho ni desturi ya kazi ya ujenzi, hakuna atakayesema umemtegea.

Jambo la mwisho, na hapa ndipo wengi huharibu. Usimrushie ule ujumbe wako wa zamani kwenye grupu la WhatsApp ambamo mafundi wamo. Hata kama una haki, umemvua nguo mbele ya vibarua wake, na hatakusamehe. Mfuate pembeni au umwandikie peke yake: "Bosi, Jumatatu tuliandikiana hivi. Sasa tufanye ipi?" Swali la nani alisema nini liache. Linalohitaji jibu ni la nini kifanyike.

Bosi wangu mpya ana miaka 31, mimi 54. Ananiamkia shikamoo, halafu dakika tano baadaye ananituma Iringa. Najiona nadharauliwa, ingawa binti mwenyewe hana kiburi. Nikae naye vipi?
*Dereva wa ofisi ya serikali, Dodoma*

Mzee wetu, amekuamkia kwa umri wako, akakutuma kwa cheo chake. Vyote viwili viko mahali pake. Itikia marahaba, kisha uliza safari ni ya saa ngapi.

Yanayoharibu uhusiano wa aina hii ni madogo. Usimwite "mwanangu" au "binti" mbele ya wengine. Mwite "Bosi" au "Mkuu" kama ulivyomwita aliyeondoka. Ukiwa na ushauri wa mtu mzima, mpe ndani ya gari mkiwa wawili, usimpe kwenye kikao. Na ujuzi wako uuonyeshe kwenye vitu ambavyo yeye hawezi kuvijua: mwambie mapema kwamba gari limebakiza kilomita 400 lifike kwenye matengenezo na Iringa kwenda na kurudi ni zaidi ya hizo, kwa hiyo lipelekwe gereji kabla. Kitabu cha safari za gari kiwe kimejazwa kila siku, kilomita za kuanzia na za kumalizia, ili asilazimike kukuuliza kama mtoto. Bosi kijana aliyekingwa na dereva mzoefu asiumbuke barabarani hasahau.

Shirika letu limeniweka chini ya mabosi wawili: mratibu wa mradi na meneja wa fedha. Kila mmoja anadhani niko naye muda wote. Nikisema kazi ni nyingi, naambiwa nijipange. Nikiendelea hivi nitaugua.
*Afisa mradi, Arusha*

Neno linaloumiza watu wengi maofisini kwetu ni "sawa bosi". Linatoka kwa heshima, linapokelewa kama ahadi, na siku ya mwisho linageuka kuwa kosa la aliyelitamka. Heshima ya kweli kwa bosi ni kumwambia leo kisichowezekana Ijumaa.

"Kazi ni nyingi" ni malalamiko, nayo hujibiwa kwa nasaha. Ukitaka uamuzi, mpe bosi kitu cha kuamulia. Chukua karatasi moja, chora safu nne: kazi, aliyeitoa, tarehe ya mwisho, saa unazokadiria. Kadiria kwa ukweli: kama ripoti ya mfadhili ya robo mwaka iliyopita ilikula siku tatu, andika saa 24, usiandike 10 ili uonekane hodari. Jumlisha chini. Tuseme jumla ni saa 71 na wiki ya kazi ina 45. Sasa mjadala si juu ya bidii yako, ni juu ya saa 26 zisizo na mahali pa kukaa.

Kisha, na hapa pana hila ndogo isiyo na ubaya, watumie wote wawili karatasi hiyohiyo kwa ujumbe mmoja: "Wakuu, habari za kazi. Wiki hii nina kazi za saa 71, orodha nimeambatanisha. Pendekezo langu: ripoti ya mfadhili na hati za malipo ziende wiki hii, takwimu za vijijini na orodha ya mali zisogee wiki ijayo. Nitaanza hivyo kesho saa nne asubuhi, isipokuwa mkiona vingine." Ukienda kwa mmoja mmoja, utakuwa mpatanishi wao usiyelipwa. Wakiiona orodha pamoja, wataongea wenyewe.

Usipeleke orodha bila pendekezo. Bosi akilazimika kupanga kazi zako kutoka mwanzo, umemwongezea kazi, naye atarudi kwenye "jipange".

Sheria nayo uijue, si lazima uitaje siku ya kwanza. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, saa za ziada hazizidi 50 katika wiki nne, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Lakini mpangilio huo hauwahusu wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kama una watu chini yako, soma mkataba wako kabla ya kuzungumzia saa.

Nilikosea nikaagiza katoni 300 za mafuta ya kupikia badala ya 30. Nilikaa siku mbili nikitafuta mnunuzi wa kuchukua zilizozidi kabla bosi hajajua. Alipojua hakukasirishwa sana na oda, alikasirishwa na zile siku mbili. Tangu hapo anakagua hata karatasi ya choo. Nilipaswa kufanya nini, na sasa nirudishe vipi imani yake?
*Karani wa ghala, Mombasa*

Siku mbili zile zilimnyima bosi kitu alichokuwa nacho na wewe huna: uwezo wa kuamua. Huenda saa ya kwanza lori lilikuwa halijatoka Nairobi na yeye anajuana na muuzaji. Siku ya pili mafuta yalikuwa yameshashuka na ankara imeshaandikwa.

Kosa likitokea, piga simu moja tu kabla ya kumwambia bosi, ile itakayokuambia kama bado linazuilika. Hapa ni kwa muuzaji: mzigo umetoka? Haichukui dakika kumi. Kisha mpigie bosi, usimwandikie, na useme mambo manne kwa mpangilio huu: kilichotokea, ukubwa wake, ulichokwisha kufanya, unachohitaji kutoka kwake.

"Boss, nimekosea oda ya mafuta. Nimeandika katoni 300 badala ya 30. Nimeongea na muuzaji, lori linapakia saa nane mchana, bado wanaweza kupunguza lakini wanataka neno lako. Naomba uwapigie kabla ya saa saba, au uniruhusu niwaandikie kwa jina lako."

Samahani moja inatosha, iwekwe mwishoni. Ukianza na samahani tano, bosi atatumia dakika mbili za mwanzo akijiuliza kama kuna mtu amekufa. Hadithi ya jinsi ulivyochanganyikiwa isubiri mpaka aiulize. Na usimwambie mwenzako kwanza "akushauri", kwa sababu habari itamfikia bosi kabla yako.

Sasa kuhusu imani. Kukagua kwake kila kitu usikuone kama adhabu, kufanye kuwe rahisi mpaka achoke mwenyewe. Kila oda mpya mpelekee mstari mmoja wenye namba tatu: "Sukari ya kilo 50, magunia 40. Ghalani yamebaki 12. Kwa wiki tunauza 25." Kwa mpangilio huo oda ya mafuta 300 ingejipiga kelele yenyewe, kwa kuwa mauzo ya wiki yangekuwa pembeni yake. Andika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na mtu wa pili asome kabla haijatumwa, hata awe mpakiaji. Ukimaliza mwezi mzima bila kosa, mwombe jambo dogo lenye mipaka: "Oda za chini ya shilingi 50,000 naomba niwe nazituma, nikuletee orodha jioni." Usiombe kurudishiwa yote kwa mkupuo.

Mimi ni mwalimu. Barua zangu zote lazima zipitie kwa mkuu wa shule, naye hukaa nazo. Ya mwisho, ya kuomba uhamisho, imemaliza mwezi mzima. Naweza kumruka?
*Mwalimu wa sekondari, Tabora*

Usimruke. Barua isiyo na "K.K. (kupitia kwa) Mkuu wa Shule" hurudishwa hukohuko ilikotoka, na sasa una matatizo mawili.

Andika nakala mbili. Ya kwanza ipeleke, ya pili igongewe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ibaki kwako. Baada ya wiki moja muulize kwa mdomo, faragha, kama kuna kitu kimepungua kwenye barua. Mara nyingi kipo: kiambatisho, namba ya jalada, au hajui aandike maoni gani. Mrahisishie hilo la mwisho kwa kumpa karatasi pembeni yenye mistari miwili ya hoja, kwa mfano nani atafundisha vipindi vyako ukihama. Mkuu anayeogopa kubaki bila mwalimu wa Hisabati hawezi kupitisha barua ya uhamisho ambayo haigusi hofu hiyo. Wiki mbili zikipita kimya, andika barua ya kukumbushia, nayo kupitia kwake, ikitaja tarehe ya muhuri. Kumbukumbu hiyo ndiyo utakayoishika ukienda kwa afisa utumishi.

Umetuuliza pia kuhusu PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, uliochukua nafasi ya OPRAS. Wengi huingiza majukumu kwenye mfumo halafu wanashangaa hayajaidhinishwa. Kaeni kwanza pamoja robo saa, mkubaliane kwa mdomo, ndipo uingize. Na uandike kinachohesabika. "Kufundisha kwa ufanisi" hakuna bosi anayeweza kukupa alama bila kubahatisha. "Kumaliza mada zote za Hisabati Kidato cha Pili kabla ya mtihani wa upimaji na kutoa majaribio mawili kila mwezi" kunampa cha kuhesabu.

Bosi ananitaka nisaini kupokea boksi 60 za glavu, zimefika 40. Anasema nyingine zinakuja na muuzaji anataka kulipwa leo.
*Mtunza stoo wa hospitali binafsi, Mbeya*

Saini ulichohesabu. Kwenye hati ya mzigo andika kwa mkono, kando ya saini yako: "Zimepokelewa 40 (arobaini) kati ya 60", tarehe na saa. Kisha mwambie bosi: "Hizi 40 nimesaini, anaweza kulipwa hizo leo. Zile 20 zikishuka, hata iwe usiku, nipigie nije nisaini." Umempa njia ya kumlipa muuzaji bila kukuomba uongo. Kama shida yake ilikuwa haraka tu, atakubali.

Akikataa na kushikilia 60, hapo shida si haraka. Mwombe akuandikie agizo hilo. Wengi hurudi nyuma hapo. Asiporudi nyuma, usisaini, weka nakala ya hati yenye hesabu yako, na umfikishie mkaguzi wa ndani au mkuu wa fedha siku hiyohiyo kwa maandishi, bila kupita kantini. Siku ya kuhesabu stoo boksi 20 zitatafutwa kwa mwenye saini, na bosi hatakuwa amesaini popote.

(Msomaji wa Morogoro ambaye bosi amemwahidi cheo "tukishafahamiana vizuri nje ya kazi": hilo si suala la uhusiano mwema kazini, ni kosa la jinai. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa kinamhusu mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la ajira au kupandishwa cheo. Hifadhi ujumbe wake, usifute, andika tarehe na maneno aliyotamka, na piga 113 kwa TAKUKURU, simu ni bure.)

Nimepewa barua ya kujieleza, nimepewa saa 24. Tulikuwa tunaelewana na bosi. Nikamwombe msamaha au nijibu?
*Afisa mauzo, Dar es Salaam*

Jibu, kwa maandishi, ndani ya muda. Kusaini kwamba umeipokea si kukiri. Andika "Nimepokea" na tarehe na saa. Kama saa 24 hazitoshi kupata nyaraka, andika kuomba muda kabla hazijaisha.

Jibu tuhuma moja moja kwa namba zilezile zilizotumika kwenye barua. Lililo kweli likubali kwa sentensi moja, usilizungushe. Lisilo kweli likanushe kwa tarehe na kiambatisho. Tabia za bosi usiziguse hata mstari mmoja: atakayesoma baadaye ni mtu wa tatu, naye anatafuta ukweli wa siku ile. Kurasa mbili zinatosha.

Ikifika kwenye kikao cha nidhamu, Kanuni za 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) zinataka upewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na una haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Wasomaji wa Kenya wana haki inayofanana na hiyo ya kusindikizwa kwenye kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Ukiachishwa kazi na huridhiki, una siku 30 tu kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na fomu ni CMA F1. Watumishi wa umma huanzia kwenye njia za rufaa za utumishi wa umma kwanza.

Kuhusu kumwona bosi: mwone, lakini baada ya kukabidhi jibu. Mazungumzo yawe mafupi. "Bosi, barua nimejibu, iko kwa afisa rasilimali watu. Kazi za wateja wa Kariakoo zinaendelea, ripoti utaipata Ijumaa kama kawaida." Na Ijumaa ikifika, itume.